UZI: Watu wakiangamizwa ugenini, manowari za wakubwa zije au zikae mbali?

Kichwele (mleta uzi)

Assalaam alaykum wanabaraza.

Tangu mji wa El Fasher, kule Darfur ya Sudan, uanguke mikononi mwa wanamgambo wa RSF Oktoba 2025, kila barza niliyokaa hapa mjini, kuanzia Jaws Corner mpaka Darajani, suali ni hilo hilo: mbona wakubwa hawaendi Sudan? Na hao hao wanaouliza, ukiwatajia Iraq, watakwambia wakubwa waache nchi za watu. Nimewasikiliza sana. Langu nalisema bila ya kuzunguka: mwenye nguvu anao wajibu wa kuzuia mauaji ya kimbari, lakini wajibu huo hauanzii kwenye ndege za kivita. Unaanzia kwenye mambo anayoyafanya yeye mwenyewe kila siku, silaha anazouza, pesa anazozipitisha na milango anayowafungia wanaokimbia. Asiyeyaweza hayo, mimi jeshi lake siliamini.

Sisi Wazanzibari tunazijua manowari. Ziliwahi kuja hapa kwa jambo la haki kabisa. Mwaka 1873 John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza, alimwekea Sayyid Barghash mambo mawili: atie saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa ya baharini, ama kisiwa kizingirwe. Barghash alitia saini tarehe 5 Juni, na soko la Mkunazini likafungwa. Nani leo atasema halikustahiki kufungwa? Watu waliotolewa Ziwa Nyasa huko wakauzwa pale hawakuwa na mtetezi mwengine mwenye nguvu ya kumtisha Sultani. Lazima tuseme hivyo hata kama Muingereza hatumpendi.

Sasa tazameni yaliyofuata. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja na Pemba mpaka 1897, maana mashamba ya karafuu yalihitaji mikono na serikali ilihitaji ushuru. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani wakakubaliana wao kwa wao: Mjerumani apewe kisiwa cha Heligoland kule kwao, Zanzibar iwe chini ya himaya ya Muingereza. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za nchi ile ile iliyokuja kuwatetea watumwa zikalipiga mizinga kasri la Sultani kwa sababu Khalid bin Barghash amekaa kwenye kiti bila ya ruhusa yao. Haikufika saa moja, na watu wapatao 500 walikuwa wamekufa au kujeruhiwa pale Forodhani. Aliyekuja kwa haki mwaka 1873 alikuwa mwenye nyumba kabla ya miaka ishirini kupita.

Januari 1964 sitaki kuifukua hapa. Kila nyumba ina yake, na idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Nitataja meli tu. Meli ya kivita ya Marekani, USS Manley, ilikuja siku zile za mwanzo za Mapinduzi ikachukua Wamarekani na wageni wengine, ikaondoka. Waingereza nao wakawatoa wa kwao. London ilikaa miezi ikipanga namna ya kuingia Zanzibar kijeshi, na mipango ile ilihusu raia wao na hofu ya ukomunisti. Mwarabu wa shamba hakuwamo, wala Muhindi wa duka. Na tarehe 25 Januari mwaka huo huo wanamaji wa Kiingereza walishuka Dar es Salaam kuzima maasi ya askari, kwa kuwa Nyerere aliwaomba. Uwezo ulikuwepo, na umbali ni huu wa boti ya asubuhi.

Twende Rwanda. Watu husema dunia haikwenda. Ndugu zangu, dunia ilikuwa iko pale pale! Askari wa Umoja wa Mataifa wapatao 2,500 walikuwa nchini kabla mauaji hayajaanza. Siku chache tu baada ya tarehe 7 Aprili 1994 makomando wa Ufaransa na Ubelgiji walitua Kigali na silaha kamili, wakawachukua wageni wao. Kicukiro palikuwa na skuli ya ufundi, ETO, ambapo watu wapatao 2,000 walikimbilia kwa askari wa Kibelgiji waliopiga kambi humo. Tarehe 11 Aprili askari wakapakia vitu vyao wakaondoka. Wapo waliojaribu kuyazuia magari kwa miili yao. Wauaji walikuwa nje ya ua wakisubiri tu magari yatoke. Watu wale wakaswagwa mpaka kilima cha Nyanza, na wengi wao waliuawa siku hiyo hiyo.

Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua kikosi kipunguzwe mpaka kibakie na watu 270. Na mezani pale alikuwa amekaa mwakilishi wa serikali ya Rwanda yenyewe, maana mwaka ule Rwanda ilikuwa mjumbe wa Baraza. Clinton, rais wa Marekani, alikuja kuwaomba radhi watu wa Kigali mwaka 1998. Pale ETO hapakutakiwa vita vya mtu yeyote, palitakiwa askari waliokwishafika wasiondoke.

Nani basi aliyewahi kuyasimamisha kweli? Mwaka 1971 mauaji ya Pakistan ya Mashariki, Bangladesh ya leo, yalisimamishwa na India. Januari 1979 Pol Pot wa Kambodia aliondoshwa na Vietnam. Aprili 1979 Idi Amin aliondoshwa na sisi pamoja na Waganda wenyewe. Na Rwanda yenyewe, waliosimamisha mauaji ni RPF, jeshi la watoto wa wakimbizi. Wakubwa walikuwa wapi? Mwaka 1971 Marekani ilipeleka meli yake ya kubebea ndege Ghuba ya Bengal kuitisha India. Pol Pot alipofukuzwa, kiti cha Kambodia Umoja wa Mataifa kilibaki mikononi mwa watu wake kwa miaka, Marekani na China wakiridhia. Amin alipokuwa anaanguka, Gaddafi alimpelekea askari, na kwenye mkutano wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, kule Monrovia, Julai 1979, ni sisi tuliolaumiwa na baadhi ya viongozi wenzetu kwamba tumeingilia nchi ya watu.

Majirani hao wote walikuwa na maslahi yao. India ilikuwa imebeba wakimbizi milioni 10, Vietnam ikishambuliwa mpakani, na sisi tumevamiwa Kagera. Silioni hilo kuwa kasoro. Jirani hawezi kupakia vitu akaondoka, balaa likibaki linabaki mlangoni kwake. Karibuni.

Mzee wa Malindi

Mwanangu Kichwele, Mungu akubariki kwa uzi. Lakini umekuwa laini mno kwa wakubwa. Mimi nasema wasije kabisa.

Libya umeiruka. Tarehe 17 Machi 2011 Baraza la Usalama lilipitisha azimio nambari 1973, walinde raia, khasa wa Benghazi. Afrika Kusini, Nigeria na Gabon, Waafrika wote watatu waliokuwamo, wakapiga kura ya ndio. Marais walioteuliwa na Umoja wa Afrika walikuwa tayari kwenda Tripoli kutafuta suluhu, wakanyimwa ruhusa ya kuruka kwa sababu mabomu yameshaanza. Wakaja kufika Aprili. Tarehe 20 Oktoba Gaddafi akauawa, nchi ikagawika vipande, silaha zake zikateremka jangwani, na mwaka uliofuata Mali ikawaka. Waliotumwa kulinda raia wakaondosha serikali.

Usimpe mkubwa ruhusa ya kulinda. Yeye husoma ruhusa ya kupindua. Na sisi wenye historia uliyoitaja hapo juu tuwe wa mwisho kumkaribisha.

Bint Wete

Mzee wangu shikamoo. Naomba nikukatalie kwa adabu zote.

Ukisema "wasije kabisa" unamwambia nani? Kwangu mimi unamwambia mama wa Srebrenica, kule Bosnia. Umoja wa Mataifa uliutangaza mji ule eneo salama mwaka 1993, Waislamu wakakusanyika humo kwa kuamini neno hilo. Julai 1995 wanajeshi wa Kiholanzi wakawaachia Waserbia wa jenerali Mladić, na wanaume na vijana zaidi ya 8,000 wakauawa kwa siku chache. Tarehe 30 Agosti ndege za NATO zikaanza kupiga, na kufika Novemba pande zote zimekaa mezani kutafuta amani Dayton, Marekani. Kwa hiyo ndege zile ziliweza. Zilikawia. Zingekuja Juni, wale 8,000 leo wangekuwa mababu wa watu. Mimi siwezi kumwambia mama yule kwamba bora hazikuja, kwa sababu tu mwaka 2011 zilikwenda kufanya mengine Libya.

La pili ni letu sisi Wapemba. Lile la Januari 2001 halikuwa mauaji ya kimbari, wala silitii kwenye fungu hilo. Lakini watu walipigwa risasi, na zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni. Ami yangu mdogo alikuwamo. Walivuka usiku kwa dau la kuvulia, mashine imezimwa mpaka wapite mkondo, mtoto wake wa mwaka mmoja kafungwa kanga ya pili mdomoni asisikike akilia. Asubuhi walipoteremka, watu wa pwani ile waliwapokea kwa uji na mikeka, mamlaka ya Kenya ikawaandika majina, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa likaja. Kenya haikuleta askari hata mmoja Pemba. Iliacha ufukwe wake wazi.

Kichwele, wewe umetaja milango kwa neno moja ukapita. Mimi ningeanzia hapo. Kabla hatujamuuliza mkubwa kama atatuma jeshi, tumuulize kama atampokea mtu aliyekimbia. Asiyempa viza Msudani wa Darfur asituhutubie juu ya kuokoa watu.

Kichwele (mleta uzi)

Dada yangu wa Wete, la milango nalichukua lote.

Mzee wangu, Libya sikuiogopa. Mimi naona palikuwa na siku mbili tatu za mwanzo, jeshi la Gaddafi limefika Benghazi, ambapo kulizuia lisiingie mjini ilikuwa halali. Baada ya hapo kazi ilikwisha, na kilichofuata kilikuwa kazi nyengine waliyojipa wenyewe. Hasara yake haikuishia Libya. Tangu hapo kila azimio juu ya Syria likifika mezani, Urusi na China walikuwa na hoja mkononi: mlituambia hivi hivi mara ya kwanza. Watu wa Aleppo ni miongoni mwa waliolipia yale ya Tripoli.

Ndiyo maana narejea kwenye vitu visivyohitaji azimio la mtu. Tukamate Sudan. Tarehe 7 Januari 2025 Marekani ilitamka rasmi kwamba RSF wamefanya mauaji ya kimbari. Kutamka kumetamkwa, tena Wamasalit, kabila la Darfur, walishauawa mjini El Geneina kwa maelfu tangu 2023. El Fasher ilizingirwa tangu Mei 2024. Juni mwaka huo Baraza la Usalama likaamrisha mzingiro uondoshwe. Haukuondoshwa, na mji ukaanguka baada ya karibu mwaka na nusu, picha za setilaiti zikionesha boma la udongo likijengwa kuuzunguka. Hakuna aliyeshtukizwa.

Sasa, silaha za RSF zinatoka wapi? Falme za Kiarabu zimetuhumiwa mara kwa mara, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaziona tuhuma hizo kuwa na uzito. Wenyewe wanakanusha. Najua hapa kwetu hili ni gumu kulisema, nusu yetu tuna ndugu Dubai na Abu Dhabi wanaotuletea riziki. Lakini lazima lisemwe. Na wanaowauzia silaha Emirates ni nani? Marekani, Ufaransa na Uingereza. Basi mkubwa anayetaka kuokoa watu wa Darfur aanze kwa kumuuliza mteja wake maswali, na kumzuilia bidhaa mpaka ajibu. Hahitaji kupeleka askari hata mmoja kwa hatua hiyo.

Gaza ndiyo imeonesha jambo hili wazi kuliko kwengine kote. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamrisha Israel ichukue hatua za kuzuia vitendo vinavyokatazwa na mkataba wa mauaji ya kimbari. Israel inakanusha na kesi haijamalizika. Lakini mabomu yaliendelea kutoka Marekani baada ya amri ile kama yalivyokuwa yakitoka kabla. Hapo nani anamuomba Marekani aingilie kati? Ameshaingia, ila kwa upande wa pili. Anachoombwa ni kutoka.

Bumbwini

Ninyi wote mnazungumza jeshi la jirani kana kwamba linachumwa mtini.

Kaka yangu ni mwanajeshi. Tarehe 7 Disemba 2017 kambi ya Watanzania kule Semuliki, Kongo, ilishambuliwa usiku. Vijana wetu 14 waliuawa na wengine kadhaa wakajeruhiwa, na wana wa Visiwani walikuwamo. Julai 2013 saba waliuawa Darfur kwa shambulio la njiani. Mimi nakumbuka simu ile ya Disemba. Ukiona namba ya Bara usiyoijua inaita asubuhi, huipokei, unampa mwengine. Yetu ilikuwa ya kheri, lakini kwa majirani zetu wawili mtaa wa pili haikuwa.

Kwa hiyo ndugu Kichwele, ukisema jirani ndiye anayefaa, sema na nani anagharimia. Kikosi cha Darfur kilikaa miaka kikiomba helikopta, na nchi zenye helikopta kwa mamia zikakaa kimya. Askari maskini atoke Bumbwini akafe jangwani kwa kukosa usafiri wa kumfikisha hospitali, na mkubwa apige kura New York aende zake kula? Nyerere mwaka 1979 alituambia tufunge mikanda miezi 18, na walioishi wakati ule wanajua mikanda ile ilifungwa miaka mingapi.

Kichwele (mleta uzi)

Pole sana Bumbwini, na Mungu amlinde kaka yako.

Hapo ndipo mkubwa anapostahiki kubanwa: helikopta, mafuta, madaktari, mishahara, picha za setilaiti. Damu ikiwa ya jirani, pesa na vifaa viwe vyake. Na nasi tujibane. Sheria iliyounda Umoja wa Afrika, iliyotiwa saini Lomé mwaka 2000, ina kifungu cha 4(h) kinachoupa Umoja haki ya kuingia nchi mwanachama kukiwa na mauaji ya kimbari. Hakuna bara jengine lenye kifungu kama hicho. Disemba 2015 baraza la usalama la AU liliidhinisha askari 5,000 kwenda Burundi, serikali ya Burundi ikakataa, na Januari 2016 marais wetu wakarudi nyuma. Kifungu kile kiliandikwa kwa ajili ya serikali inayokataa! Iliyokubali haikihitaji.

Mzee wa Malindi

Nimewasoma wote, na kijana wa Bumbwini amenigusa. Lakini bado hamjanijibu moja. Nani anaamua kwamba haya ni mauaji ya kimbari na yale ni vita tu? Mwaka 1994 Marekani ililikwepa neno lenyewe kwa wiki nzima nzima ili isije ikalazimika. Mwaka 2004 Powell, waziri wao wa mambo ya nje, akalitamka juu ya Darfur, na bado hawakwenda. Anayelitoa neno ndiye anayelizuia.

Kichwele (mleta uzi)

Mzee wangu, ndiyo sababu naipenda ile Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuliko Baraza la Usalama, hata kama haina polisi. Baraza lina kura za turufu tano. Mahakamani hakuna turufu.

Mwaka 2007 mahakama hiyo iliamua kesi ya Bosnia dhidi ya Serbia. Serbia haikuonekana kuwa ndiyo iliyoua Srebrenica, lakini ilionekana imevunja mkataba kwa kutozuia, kwa kuwa ilikuwa na ushawishi juu ya wauaji na haikuutumia. Mahakama ikasema wajibu wa kila nchi unapimwa kwa uwezo wake wa kuwashawishi watendaji. Someni hilo kwa utulivu. Maana yake anayemlipa muuaji ana wajibu mzito zaidi kuliko aliye mbali asiyemjua, na huhitaji kusubiri Washington wapende neno gani.

Na waliotumia njia hii ni wadogo. Novemba 2019 Gambia, nchi ndogo iliyozungukwa na Senegal, iliishitaki Myanmar kwa ajili ya Warohingya, Waislamu wa huko Myanmar, ambao hawana mpaka nao wala undugu. Januari 2020 majaji wote kwa pamoja wakaiamrisha Myanmar iwalinde. Sudan ilipoishitaki Emirates, kesi ilitupwa Mei 2025 kwa sababu Emirates ilipojiunga na mkataba iliweka sharti kwamba haitashitakiwa humo. Hilo ni tundu, na ni la kuzibwa.

Bint Wete

Na Tanzania je? Tunaisubiri Gambia mpaka lini?

Kichwele (mleta uzi)

Dada, kifungu cha 63 cha sheria ya mahakama ile kinairuhusu nchi iliyojiunga na mkataba kuingia kwenye kesi ya wengine na kutoa hoja zake juu ya maana ya mkataba. Uhispania na Ireland wameingia kwenye ile ya Afrika Kusini dhidi ya Israel juu ya Gaza. Inatakiwa barua ya serikali na mawakili wachache. Wabunge wetu wa Unguja na Pemba waulizwe Dodoma kwa nini barua hiyo haijaandikwa. Mimi nitamuandikia wangu wiki hii.

Mzee wa Malindi

La mahakamani niko nanyi, nitieni jina langu. La ndege, bado sijakubali.